Gumzo: Wazazi wa Watoto Wenye Usonji, Mtaani Kwetu

Mama Ilham: Habari za jioni wapendwa. Kadi za picha za kumfundisha mwanangu Ilham kuomba vitu zimetoka stationari, 40 kamili. Wanyama, rangi, matunda, hadi bendera. Kesho naanza na Ilham. Namuonyesha, namuuliza "hii nini?", sivyo?

Dada Upendo (tiba ya usemi): Sivyo mama. Ukimuuliza "hii nini" umeshamtungia mtihani. Tunataka yeye ndiye akufuate wewe na shida yake. Weka kando 39, baki na moja tu, ya kitu anachokililia siku hiyo.

Mama Ilham: Biskuti basi. Ndiyo ugomvi wa kila siku.

Dada Upendo: Haya. Njia yenyewe ni PECS, yaani mtoto anawasiliana kwa kukupa picha ya kitu anachotaka; waliibuni Andy Bondy na Lori Frost kule Delaware, Marekani, mwaka 1985. Ina hatua sita. Ya kwanza inahitaji watu wazima WAWILI, na hapo ndipo wengi wanapoharibu kwa kufanya peke yao.

Baba Juma: Wawili wa nini kwa kadi moja?

Dada Upendo: Mmoja anakaa mbele yake na biskuti mkononi. Wa pili anakaa nyuma ya mtoto, kimya kabisa. Kadi iko kati ya mtoto na biskuti. Mtoto akinyoosha mkono kuifuata biskuti, wa nyuma anaushika ule mkono, anausaidia kuokota kadi, kuipeleka, kuiachia kiganjani mwa wa mbele. Papo hapo wa mbele anasema "Biskuti!" na kumpa. Hakuna "sema kwanza", hakuna "nipe kadi", hakuna "unataka nini".

Mwalimu Rehema: Na wa nyuma asimwahi. Asubiri mtoto anyooshe mkono mwenyewe. Ukimshika kabla hajanyoosha, unamfundisha kukaa akisubiri kushikwa.

Dada Upendo: Kweli kabisa mwalimu. Msaada nao unaondolewa kuanzia mwisho kurudi nyuma: kwanza unaacha kumsaidia kuachia kadi, kisha kuipeleka, mwisho kuokota. Wa mbele naye asitangulize kiganja wazi. Akifungue kiganja kadi ikishakaribia, la sivyo mtoto atazoea kusubiri kiganja.

Mama Ilham: Biskuti nzima nzima?

Dada Upendo: Vipande vya ukubwa wa kucha. Akishiba zoezi limekufa. Juisi ni funda moja moja. Mapovu ya sabuni ni mazuri kuliko vyote, yanaisha yenyewe na hayashibishi.

Fundi Saidi (stationari): Hizo kadi nilizikata sentimita 5 kwa 5. Mama ukizileta tena nitazilamineti, ila niache ukingo wa plastiki milimita 3 kila upande. Ukikata sawasawa na karatasi, mate yanaingia na zinafumuka. Kona nazikata mviringo zisichome. Velikro (ule utepe wa kunatisha wenye upande laini na upande mgumu) chagueni upande mmoja, mfano laini kwa kadi zote na mgumu kwa faili zima la kuzibandika. Mkichanganya, nusu ya kadi hazitanata.

Bi Zuhura: Wanangu hamjambo. Mimi naona mnajitesa na makaratasi. Mtoto huyo akatwe kimeo na huo uzi wa chini ya ulimi, ataongea.

Dada Upendo: Shikamoo Bibi. Kimeo hakina kazi ya kumletea mtoto maneno. Kukikata nyumbani kunaleta damu nyingi, vidonda na hata pepopunda. Uzi wa ulimi ukiwa mfupi unaweza kusumbua kunyonya au baadhi ya herufi. Lakini mtoto ambaye hata kidole hanyooshi kuonyesha kitu, ulimi hauwezi kuwa sababu. Kidole hakifungwi na uzi wa ulimi.

Bi Zuhura: Marahaba mjukuu wangu. Hapo kwenye kidole umenishika 😄

Dada Upendo: Kinachotakiwa mapema ni kupima masikio, hata kama anageuka akisikia katuni. Anaweza kusikia sauti nene na kuzikosa nyembamba kama "s" na "f". Asiyetulia kwenye kipimo cha kawaida hupimwa akiwa usingizini, kwa waya za kichwani.

Baba Juma: Mimi hofu yangu ni hii. Akizoea kadi si ndiyo atabweteka asiongee kabisa?

Dada Upendo: Hofu ya kila mzazi. Mwaka 2006 Millar, Light na Schlosser walichambua tafiti za watu wenye ulemavu wa ukuaji waliotumia picha, ishara za mikono na vifaa vya namna hiyo. Kati ya 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja aliyepungua usemi. Wengi waliongeza, ingawa si kwa wingi. Kwa hiyo msiahidiane miujiza, lakini kadi haizibi mdomo.

Mama Ilham: Na Kiswahili tuache? Shuleni Kiingereza, na yeye anaimba ABC za YouTube vizuri tu.

Mwalimu Rehema: Msiache! Lugha mbili hazimwongezei usonji. Ongeeni ile mnayoongea nyumbani. Kuimba ABC ni kukariri, kuomba maji ni kuwasiliana. Tunahangaikia la pili.

Baba Juma: Kwa hiyo hizo 39 zinaingia lini?

Dada Upendo: Hatua ya 2 bado ni kadi moja moja, ila unajisogeza mbali naye kidogo kidogo, hadi akufuate jikoni. Faili likae anapolifikia, sio juu ya kabati. Hatua ya 3 ndiyo ya kuchagua: biskuti na soksi pamoja. Akikupa kadi ya soksi, mpe soksi.

Baba Juma: Soksi kweli? 😂

Dada Upendo: Ndiyo, aone kadi ina maana. Akikasirika, muonyeshe kadi sahihi, msaidie aitoe, umsifu tu bila kumpa biskuti. Mkatishe kidogo kwa jambo analolijua, mfano "piga makofi". Kisha rudia toka mwanzo. Akitoa sahihi mwenyewe sasa, biskuti. Ukimpa kwenye ule msaada, atajifunza kukosea kwanza ndipo arekebishwe.

Mwalimu Rehema: Hatua ya 4 usiisahau, napenda hiyo.

Dada Upendo: Hapo kuna utepe: kadi ya NATAKA, halafu kadi ya kitu. Akikupa unamsomea ukigusa, "Nataka...", unanyamaza sekunde 3 hadi 5, ndipo unamalizia "biskuti". Kwenye ukimya huo baadhi ya watoto huchomoa neno. Asiposema unampa vilevile. Kumnyima mpaka atamke ni kumrudisha kwenye kulia.

Mama Ilham: Na akileta kadi biskuti zimeisha?

Dada Upendo: Wiki za mwanzo usifike huko. Kitu hakipo, kadi yake itoe kwenye faili kabla hajaamka. "Subiri" ni kadi ya baadaye: anakupa ya biskuti, unampa ya SUBIRI, unahesabu sekunde 5, unabadilishana. Akizoea, 10. Ukianza na dakika nzima, ataitupa hiyo kadi na ya biskuti pia.

Mama Ilham: Sawa. Fundi, nakuja na biskuti kesho uipige picha ileile anayokula, sio ya kwenye intaneti.