Tupeane uzoefu: nani alifika Samunge kunywa kikombe, 2011?

Mkaratu: Jana sokoni kijana anauza maji ya alkalini, eti chupa sita zinamaliza sukari, presha na vidonda vya tumbo. Nikakumbuka Loliondo, kwa Babu wa Samunge na dawa yake ya mizizi. Kikombe kimoja, shilingi 500, magonjwa sugu yote. Mliokwenda, ni nini kiliwafanya muamini?

Binti Machame: Nilimpeleka mama. Alikuwa anachoma insulini asubuhi na jioni. Tulikodi Land Cruiser Arusha, tukapita Mto wa Mbu, Engaresero, vumbi la Natron hadi kwenye meno. Foleni tulilala siku tatu. Gari la mbele yetu mzee mmoja alikata roho akiwa amekaa. Wanawe wakamfunika kitenge wakaendelea kusogea, maana hapakuwa na pa kugeuzia. Hata hapo hatukushtuka! Tulisema amechelewa kufika.

Mama alikunywa akalia kwa furaha. Nyumbani akaniambia, "Mwanangu, nikichoma tena nitakuwa nimemdharau Mungu." Sindano nilizifungia kabatini kwa mkono wangu. Siku ya tisa nikamkuta anahema kwa nguvu, pumzi inanukia kama matunda yaliyooza, namwita haitiki. Aliamka wodini baada ya siku nne. Mwaka uliofuata mguu ukakatwa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilichoka kusikia "dawa hizi ni za maisha", na kule nikaambiwa unakunywa mara moja tu.

Kipara_Tanga: Pole sana dada. Jirani yangu aliacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Tulimzika.

MwanaSamunge: Msimsakame Babu, ameshatangulia mbele za haki. Mchungaji mstaafu, alioteshwa, hakutajirika. Pumu ya mama mdogo haijarudi hadi leo.

Kipara_Tanga: Pumu huweza kutulia yenyewe miaka. Alipimwa wapi?

MwanaSamunge: Wewe ulikuwepo?

Kipara_Tanga: Makaburini nilikuwepo.

Fundi Cherehani: Jamani taratibu. Mawaziri walikunywa, tuliwaona gazetini. Mimi wa darasa la saba ningembishia nani? Serikali ikasema mizizi ya mugariga, ule mti wa kikombe, haina madhara kwa binadamu. Sisi tukasikia "inaponya". Hapo ndipo tulipopotea.

Mama Wawili: Kunywa mizizi yako, vidonge usiache. Basi.

Nesi wa zamu: Hapana mama, mingine inagombana na vidonge. Mwambie daktari unachokunywa, hata akifoka. Na kabla ya kusema umepona, pima.

Bodaboda Mkuu: Mimi nilipona kiuno. Ila nadhani ni zile siku tatu za kutopanda pikipiki.

Mkaratu: Binti Machame, mama yupo?

Binti Machame: Yupo, anatembelea magongo. Anachoma mwenyewe, kabati hanipi tena ufunguo. Hayo maji umesema chupa shilingi ngapi? Kuna shangazi ameshaanza kuulizia, nataka nimwahi.