Naomba ushauri: wikiendi moja Dar, tuipangeje?
Wakuu, heshima kwenu. Ijumaa jioni tunatoka Dodoma na treni ya SGR, mimi, mke na binti yetu wa darasa la nne. Jumapili usiku turudi. Mke anataka vitenge Kariakoo, na kwa kuwa Jumapili maduka mengi hufungwa, Jumamosi ni yake, sina ubishi. Mtoto kakomaa na Zinjanthropus, lile fuvu la kale, Makumbusho ya Taifa. Mimi hamu yangu samaki wa soko la Feri, wa kukaangwa palepale, anatolewa mafuta yakichuruzika, ndimu na pilipili pembeni.

Je, Jumapili tukianza makumbusho, kisha pantoni hadi Kigamboni mtoto aoge baharini, treni tutaiwahi? Foleni ya kurudi huwaje? Na gesti tulivu karibu na Gerezani ipo, isiyozidi elfu hamsini?