Simfoni ya Tano ya Beethoven: mwanzo unatuyumbisha

Fidla_ya_Pili
Wakuu, habari zenu. Orkesta yetu ya vijana inaandaa sehemu ya kwanza ya Simfoni ya Tano. Zile noti nne za mwanzo zinatoka kama tripleti (noti tatu sawa zilizobanwa ndani ya pigo moja), na hatuingii pamoja. Tatizo liko wapi? Na habari kwamba Beethoven alisema noti hizo ni "majaliwa yanabisha hodi" ni ya kweli?

Mkono_wa_Kondakta
Mkuu, wimbo huo hauanzi na noti, unaanza na pumziko. Kipimo ni 2/4. Mkono wa kondakta unaposhuka panakuwa kimya, ndipo zinakuja noti tatu fupi, kisha ndefu yenye fermata (alama ya kuishikilia noti). Kwa solfa: mi mi mi | do, re re re | ti. Mchezaji asipolihesabu pumziko, mkazo unaangukia mi ya kwanza na tripleti inazaliwa hapo hapo. Mkazo ni wa do.

Kondakta apige pigo moja kwa kila kipimo (baa), na maandalizi yawe pigo moja tu, kwa mwendo uleule. Beethoven aliweka nusu noti 108 kwa dakika. Nyie anzeni na 80 mpaka pumziko liwakae mwilini. Halafu ile ti imeunganishwa vipimo viwili, kwa hiyo ishikeni kuliko do. Wengi wanazilinganisha, na sentensi ya muziki inakatika.

Msoma_Nota
Hiyo ya majaliwa ilitoka kwa Anton Schindler, katibu wa Beethoven, ambaye baadaye iligundulika alighushi maandishi kwenye madaftari ya mazungumzo ya Beethoven (yale ambayo wageni walimwandikia kwa kuwa alikuwa kiziwi). Msiijengee tafsiri yenu. Lililo hakika ni onyesho la kwanza: Vienna, Theater an der Wien, 22 Desemba 1808. Tamasha la saa nne hivi, ukumbi wa baridi, mazoezi haba. Fantasia ya Kwaya, kazi yake nyingine ya usiku huo, ilivurugika ikabidi ianzwe upya.

Basuni_Mbili
Naongeza kipimo cha 303. Kule kipimo cha 59 mwito unaofungua wazo la pili la muziki unapigwa na pembe za shaba. Ukirudi kwenye 303, umeandikiwa basuni (ala ya mbao ya sauti nzito). Pembe za wakati ule hazikuwa na vali (vibonyezo vya kubadili noti). Zilikuwa zimefungwa bomba la ufunguo wa Mi bemoli (E♭), na mwito sasa uko Do meja (C), bila nafasi ya kubadili bomba. Makondakta wengi huwarudishia wapiga pembe. Mimi nasema waachieni basuni, ila zote mbili zipige kwa pumzi kamili, bila kuchelewa: hapo ziko peke yake kabisa, hakuna wa kuzifunika.