Dál Riata: mfalme mmoja aliwezaje kutawala pande mbili za bahari?

Swali
Wanajukwaa, naomba ufafanuzi kuhusu Dál Riata, ufalme wa Wagaeli (watu wa lugha ya Kigaeli) ulioshika Argyll, magharibi mwa Uskoti, pamoja na sehemu ya Antrim, kaskazini-mashariki mwa Ayalandi. Masimulizi ya kale yanadai kwamba Fergus Mór alivuka na watu wake kutoka Ayalandi yapata mwaka 500. Je, dai hilo linaaminika? Na utawala uliwezekanaje ilhali bahari imepita katikati?

Jibu la 1
Ndugu, anza na ramani. Kutoka rasi ya Kintyre hadi pwani ya Antrim ni kilomita 20 hivi, wakati upande wa mashariki Argyll imezibwa na milima, kwa hiyo mkazi wa Islay alikuwa karibu zaidi na Ayalandi kuliko na Wapikti, watu wengine wa kale wa Uskoti, waliokaa ng'ambo ya milima hiyo. Waraka uitwao Senchus fer nAlban unaonyesha jinsi nguvu za ufalme zilivyohesabiwa: kwa safari ya baharini, kila nyumba 20 zilitoa mashua mbili, kila moja ikiwa na mabenchi saba. Ukiweka wapiga makasia wawili kwa benchi, unapata watu 28 kutoka nyumba 20, yaani zaidi ya mtu mmoja kwa nyumba, na huo si mzigo mdogo kwa wakulima.

Jibu la 2
Kuhusu Fergus, mimi sishawishiki. Mwaka 2001 mwanaakiolojia Ewan Campbell alionyesha kwamba mabaki ya Argyll hayana dalili za uhamiaji mkubwa. Kwa mfano, ngome za duara zilizotapakaa kote Ayalandi hazionekani huko kama ambavyo tungetarajia. Yaelekea watu wa pande zote mbili walikuwa wakizungumza Kigaeli tangu zamani, na kisa cha mwanzilishi kikaja kuwafaa wafalme waliotaka nasaba ya kujivunia. Tusidhani pia kwamba walikuwa kitu kimoja: mwaka 719 Cenél nGabráin na Cenél Loairn, koo mbili za ufalme huo huo, zilipigana baharini.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Basi ni Waviking waliouangusha?

Jibu la 2
Si wao peke yao. Mfalme Áedán mac Gabráin, aliyetawala tangu mwaka 574, alishindwa vibaya na Æthelfrith, mfalme wa Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 603. Mwaka 736 Óengus, mfalme wa Wapikti, aliiteka Dunadd, ngome ya Dál Riata huko Argyll, na kuwafunga minyororo wana wawili wa Selbach, aliyewahi kuwa mfalme wa Dál Riata. Waviking walikuja baadaye: waliishambulia Iona, kisiwa cha watawa wa Mtakatifu Columba, mwaka 795, na mwaka 806 wakaua watu 68 huko. Kwa maoni yangu, pigo la Óengus ndilo lililokuwa zito zaidi kisiasa.