Kumkumbuka baba, seremala aliyeipenda mahakama ya Kapenguria

Mtoto wa Seremala, Kisumu
Wapendwa, hamjambo. Mwezi wa Desemba utatimia mwaka mmoja tangu tumzike baba, aliyekuwa seremala sokoni Kibuye kwa zaidi ya miaka 30, na ambaye hata magoti yalipomsumbua alifungua karakana kabla ya jua kuchomoza. Kazi yake kubwa ilikuwa madawati ya shule. Nadhani ndiyo sababu aliipenda mno mahakama ya Kapenguria, kwa kuwa Jomo Kenyatta na wenzake watano, waliodaiwa na mkoloni kuongoza Mau Mau, hawakushtakiwa katika jengo la nguzo na ngazi, bali katika chumba cha shule. Kila alipomaliza dawati alilikalia kwanza, kisha akasema, akimtaja aliyeisikiliza kesi hiyo, "Hili hata Jaji Thacker lingembeba." Alicheka peke yake, kila mara. Mama anataka ibada nyumbani. Mimi natamani tuwapeleke wajukuu Kapenguria. Je, kuna cha kuona, au nitamchosha mama bure?

Mwalimu Mstaafu, Kitale
Pole sana, mwanangu. Nendeni, ila wageni wengi huchanganya mambo mawili: makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1993 yako mahali walipofungwa wale sita, kwa hiyo mtakachoingia ni seli, ilhali kesi yenyewe, iliyoanza Desemba 1952 na kuhukumiwa tarehe 8 Aprili 1953, ilisikilizwa darasani. Wafafanulieni watoto jambo hilo mapema, wasije wakalitafuta dawati la babu yao ndani ya seli. Tena msiipite Kitale kwa haraka. Kapenguria ya wakati ule haikuwa na hoteli, ndiyo maana wakili D. N. Pritt, aliyetoka Uingereza kuwatetea, alilala huku na kusafiri kwenda mahakamani na kurudi. Mkoloni alipachagua kule kwa sababu palikuwa mbali na watu.

Nyar Uyoma
Pole kwa familia. Kwetu Uyoma kesi hiyo ni ya Achieng Oneko, mmoja wa wale sita na mtoto wa nyumbani, ambaye rufaa ilimwondolea hatia mwaka 1954 na bado akazuiliwa kwa miaka mingi. Baba yako bila shaka aliijua sehemu hiyo. Ama kuhusu mama, usishindane naye, kwa maana aliyefiwa na mume ndiye wa kutangulizwa. Ibada ifanyike kwanza, safari ifuate. Je, hakuacha kitu alichokitengeneza mwenyewe?

Mtoto wa Seremala, Kisumu
Asanteni sana. Sehemu ya Oneko aliijua, na ndiyo pekee aliyoisimulia bila kucheka. Limebaki dawati moja karakanani ambalo hakuwahi kulipaka vanishi. Nitalipiga msasa mwenyewe, ingawa mkono wangu si wake, kisha tulikabidhi kwa shule mojawapo ya huko Kapenguria. Mama amekubali, kwa sharti kwamba ibada itangulie na kwamba yeye atakaa mbele, karibu na dereva.