Yule mama wa meza ya mikopo ametua kikombe cha chai juu ya cheti cha kifo cha baba yangu

Njomba wa Kitangari:

Wakuu salamu zenu, mimi leo sina salamu, nimetoka pale ofisi ya mikopo ya chuo sasa hivi, naandika nimesimama chini ya mwembe nje ya geti mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimekosewa nivumilieni.

Yule mama. Mnamjua, msijifanye hamumjui. Miwani ina kamba ya shanga, meza ya mwisho kule kona, feni moja ya ofisi nzima inampuliza yeye peke yake na sisi wa kwenye foleni tunajipepea na fomu. Muhuri wake anaufungia kwenye droo kama vile kafungia roho ya mtu. Chai anaivuta kwa sauti mpaka wa Mikindani wanajua saa nne imefika.

AMETUA KIKOMBE CHA CHAI JUU YA CHETI CHA KIFO CHA BABA YANGU.

Ngoja nianze mwanzo. Mwaka wa kwanza sikupata mkopo, batchi ya kwanza jina hakuna, ya pili hakuna, nikakata rufaa napo hakuna. Mzee akasema usijali mwanangu korosho zipo tutasukuma. Tukasukuma kweli, zile gunia nilianika mimi na kuchambua mimi, ada ikalipwa kwa awamu, chumba cha kupanga Magomeni tumelala watatu. Mwezi wa tatu mzee akafariki. Arobaini ikapita, ndugu wakakaa kikao, shamba likagawanywa, mama akabaki na mikorosho ambayo ukiihesabia vidole vya mikono na miguu vidole vinabaki.

Ndo nikaomba upya kama mwanafunzi anayeendelea, maana safari hii kigezo ninacho, uyatima ni kigezo kabisa kwenye mwongozo wa Bodi ya Mikopo wenyewe. Stesheneri nimekaa siku mbili mfumo unazunguka tu, kontrol namba ikatoka usiku, 30,000 ya maombi aliitoa dada kwenye mtaji wake wa vitumbua. Fomu nikaipeleka nyumbani mtendaji akasaini, mdhamini mjomba na kitambulisho chake cha NIDA, kwa hakimu nikagongewa muhuri. Cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa, cha kifo kimehakikiwa. Nikarudi Mtwara na basi la alfajiri, vumbi lile la kabla ya Mnivata mnalijua, nimefika nafanana na mchoma mkaa lakini makaratasi masafi. Masafi! Kile cheti mama alikuwa anakilaza chini ya godoro katikati ya vipande viwili vya boksi kisijikunje. Yeye mwenyewe hajawahi kukikunja.

Mimi pale nilikwenda anikagulie tu kabla sijapandisha kwenye mfumo, kwa sababu dirisha la maombi likifungwa limefungwa, hakuna cha samahani. Nimepanga foleni toka saa moja asubuhi. Saa nne kasoro nikafika mezani. Akachukua karatasi moja moja kwa vidole viwili kama anashika panya aliyekufa. Akafika kwenye cheti cha kifo, akakilaza mezani, akasogeza kikombe akakitua JUU YAKE. Chai ya rangi, imejaa mpaka mdomoni. Nikasema mama samahani kikombe. Hata hakuniangalia. Anasoma cheti changu cha kuzaliwa kwa mkono huu na huku kikombe kimekaa pale pale juu ya baba yangu.

Alafu akasema, kwa sauti, foleni nzima inasikia mpaka wa nje dirishani: "Huku baba ni Hamis, huku ni Hamisi. Kwa karatasi hizi huyu aliyekufa sio baba yako."

Jamani.

Huyu aliyekufa sio baba yako. Mtu niliyemshika kichwa. Mtu niliyeingia naye kaburini kumpokea. Kwa sababu ya herufi moja! Kwetu Hamis na Hamisi ni mtu mmoja, karani aliyeandika cheti changu cha kuzaliwa aliandika alivyosikia na aliyeandika cha kifo naye aliandika alivyosikia, mzee mwenyewe kwenye kitabu cha AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ni Hamisi na kwenye kadi ya mpiga kura ni Hamis na hakuna siku korosho zake zilikataliwa kwa sababu ya i.

Watu wawili nyuma yangu wakacheka. Mimi sikuwaona, nilikuwa naangalia kikombe. Akakinyanyua, akavuta funda moja, akakitua tena. PALE PALE. Mara ya pili jamani, mara ya kwanza nitasema hakuona, ya pili je?

Nilipokivuta cheti kimeacha duara la chai, kahawia, na mnajua limekaa wapi? Juu ya jina la baba, limepita kwenye i yenyewe anayoigombania. Nimejaribu kufuta na shati ndo limezidi kutanuka.

Sasa nitamwambia nini mama? Niambieni. Makosa ya majina nitayarekebisha, hilo sigombani nalo. Kikombe. Kwenye meza kubwa kama uwanja wa Nangwanda unakosa pa kuweka kikombe?

---

Mabibo Matamu:

Pole sana njomba, na pole kwa msiba. Huyo mama namjua, kabla sijafika kwenye kamba ya shanga nilishamjua. Mimi aliniambia "yatima gani anavaa saa", saa yenyewe ya elfu tano ya mnadani. Nililia mpaka nikasahau fomu mezani kwake, kurudi kaiwekea sahani ya mihogo.

Kijana wa Shangani:

Uzi mzima chai tu. Kosa ni lako, majina yamepishana unalalamikia kikombe. Ungekagua kabla hujapanda basi.

Njomba wa Kitangari:

Kijana wa Shangani majina nimesema nitarekebisha, soma. Nauliza hivi, kikombe cha moto kinatuliwa juu ya cheti cha kifo? Cha baba yako ungekubali?

Kijana wa Shangani:

Cha baba yangu kisingekuwa na herufi mbili mbili.

Bint Mikindani:

Wewe Shangani una roho gani, mtu kafiwa.

Kaka, hilo la jina wala lisikunyime usingizi, nenda kwa wakili ule kiapo kwamba Hamis na Hamisi ni mtu mmoja, hati ya kiapo hiyo unaiambatanisha. Mdogo wangu ilikuwa Zainabu na Zainab, siku moja tu likaisha. Na cheti chenyewe kikiwa kimechafuka nenda ukaombe nakala nyingine kule kilikotolewa, usipandishe chenye doa watakusumbua tena.

Njomba wa Kitangari:

Asante dada, kiapo nitakula kesho. Ila nakala mpya haitakuwa ile aliyoilaza mama kwenye boksi. Na yeye kasimamia pale pale kwamba sio baba yangu, hata pole hakusema, hata "weka pembeni" hakusema.

Sapu Tatu:

Nyie mnaoomba bado mna raha, subirini mpate ndo muone kuulinda. Mimi mkopo ninao toka mwaka wa kwanza, muhula uliopita niliugua malaria katikati ya mitihani, matokeo yakachelewa kwenda, wenzangu wanapanga foleni kusaini bumu, hela ya kujikimu, kwa dole gumba mimi naambiwa jina halimo. Nikauliza lini, "matokeo yakifika". Yanatokea wapi, China? Jengo la mitihani na jengo la mikopo unarusha jiwe linafika. Wiki sita nimekula ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha asubuhi na jioni, nikiisikia tu harufu yake sasa hivi tumbo linakimbia. Wenzangu 10,000 kwa siku inaingia, mimi nahesabu ming'oko.

Mabibo Matamu:

Sapu Tatu ming'oko usiikashifu tafadhali, ni chakula cha heshima.

Sapu Tatu:

Wiki sita dada. Sita.

Mpwa wa Liwale:

10,000 mnalia? Sisi tulikula 8,500 mpaka mwaka wa masomo 2022/23 ndo ikapanda. Na bei ya dagaa haikusubiri mwaka wa masomo.

Nesi Mtarajiwa:

Na sisi wa diploma je? Toka 2023/24 mnaimba diploma nao wanapata mkopo, nikafurahi nikamwambia mpaka bibi, kumbe ni kwa kozi walizochagua wao, kozi yangu haimo. Nimemaliza bando kusoma mwongozo ukurasa kwa ukurasa natafuta kozi yangu. Njomba wewe una hasira ya kikombe, mimi hata meza ya kuwekewa kikombe sina.

Ticha wa Nachingwea:

Wadogo zangu someni, ila mjue kuna siku ya kulipa. Mimi mwalimu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka kabla sijaiona. Tulioanza zamani tulibebeshwa na ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, imefutwa 2021 sawa, lakini miaka yote kabla ya hapo deni lilikuwa linazaa kama sungura, nalipa mwaka mzima nikiangalia salio limeongezeka. Nilidhani nimesoma vibaya nikamwita mwalimu wa hesabu aangalie, naye akakaa kimya maana la kwake lilikuwa hivyo hivyo.

Mpwa wa Liwale:

Ticha na bado unakatwa?

Ticha wa Nachingwea:

Bado. Na mwanangu wa kwanza anaomba mkopo mwaka huu. Baba anakatwa, mtoto anaomba, nyumba moja.

Njomba wa Kitangari:

Ticha pole shikamoo. Ila wakuu turudi kwenye mada, mimi nauliza kuhusu huyu mama, kuna mtu aliwahi kumpeleka mbele? Kwa mkuu wa idara au kokote? Alikitua mara mbili. Cheti cha kifo. Mara mbili.

Kijana wa Shangani:

Ukimpeleka mbele fomu yako itakaguliwa na nani?

Mabibo Matamu:

Hapo Shangani kwa mara ya kwanza kaongea ukweli.

Gunia la Tandahimba:

Mimi nimesoma mwanzo mpaka hapa, kilichoniuma ni pale pa shamba. Watu wa ofisini wakisikia Newala, Tandahimba wanadhani kila nyumba ina hela za korosho chini ya kitanda. Oktoba 2024 bei mnadani ilipita 4,000 kwa kilo, redio nzima inatangaza matajiri wa kusini, hakuna aliyetangaza makato. Mimi msimu uliopita chama changu kimenibakizia malipo ya gunia mbili mpaka leo, nikienda katibu kasafiri, nikirudi katibu yuko msibani, huyo katibu ukoo wake ungeshaisha.

Mpwa wa Liwale:

Hahaha katibu wenu na wetu ni ndugu. Wetu mzani wake ni mwingine kabisa, nyumbani gunia linakuwa 80 likifika kwake limepungua njiani kama linatoka jasho.

Gunia la Tandahimba:

Mzani! Usinikumbushe mzani. Mimi nilipanda mwenyewe juu yake nikaonekana nina kilo 51, mtu mzima mwenye wake wawili.

Bint Mikindani:

Kilo 51 na wake wawili wanakula nini hao 😂

Mzee wa 3,300:

Vijana mnasahau haraka. 2018 hapa serikali ilinunua korosho kwa 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakaja kubeba, tulisubiri hela zetu mpaka wengine watoto wakarudishwa nyumbani kutoka shule. Kijana aliyefungua uzi alikuwa bado mdogo, huenda hata mzee wake alisubiri.

Njomba wa Kitangari:

Alisubiri baba, nakumbuka. Alikuwa anatembea mpaka benki kila Jumatatu, anarudi na karatasi. Zile karatasi zote alizitunza, hata moja haina doa.

Mzee wa 3,300:

Mungu amrehemu.

Gunia la Tandahimba:

Amina. Haya na salfa ya ruzuku, dawa ya mikorosho, kwenu imefika? Huku tumeandikishwa toka mwezi wa nne, maua yanaanza kuungua mimi naangalia.

Mpwa wa Liwale:

Liwale imefika ya maji, ya unga bado.

Mabibo Matamu:

Newala watu wamepewa mifuko miwili miwili, waliobaki wameambiwa warudi Alhamisi.

Gunia la Tandahimba:

Alhamisi ipi sasa?