Naomba ushauri: kuingiza L4 kwenye Hardtop

Wakuu, heshima kwenu. Nimekabidhiwa Land Cruiser Hardtop ya manyuo, zile za kufunga loki za matairi ya mbele kwa mkono. Napeleka dawa zahanati za milimani Lushoto, njia ya Mtae, na masika utelezi wa kule ni wa kutisha.

H2 (matairi mawili yanavuta) kwenda H4 (yote manne) sina shida. Shida ni L4, yaani yote manne kwa gia nzito ya mwendo mdogo. Nasimamisha gari kabisa, nakanyaga klachi hadi chini, lakini kirungu kidogo cha kubadilisha hizo H na L kinagoma au kinasaga meno. Juzi kilikwama katikati, kwenye N (nyutro), nikiwa kwenye mlima mkali. Hapo ndipo nilipojua kwamba kikiwa N hata gia namba moja haishiki gari! Hendibreki ndiyo iliyotuokoa, mimi na muuguzi niliyembeba.

Je, giaboksi kubwa, ya gia za kawaida, iwe nyutro kwanza? Kikigoma, nisogeze gari kidogo au nitakata meno? Na kushuka, namba moja ya L4 inatosha bila kugusa breki?

Wenye uzoefu wa milimani, nielekezeni tafadhali. Jumatatu napanda tena.